KAZI HAIUZWI



Limezuka janga ambalo chama cha wafanyakazi hakiwezi kulifumbia macho. Kuanzia viwanda vya maziwa na vya vinywaji vya Mbarara, mashamba ya chai ya Bushenyi na Buhweju, hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale kule Isingiro, watu wanapokea katika simu zao ujumbe wa namna moja: kazi ya kufanyia nyumbani, masaa mawili kwa siku, malipo kila jioni, elimu si lazima. Anayejibu huambiwa alipe kidogo kwanza. Akishalipa, huambiwa aongeze. Mwisho wake simu ya upande wa pili haishikwi tena.

Wako wanaosema kwamba walioibiwa wameponzwa na tamaa. Tamaa mbele, mauti nyuma, wanasema, kisha wanacheka. Sisi hatukubaliani nao. Methali hiyo ni ya kweli, lakini wanaielekeza kwa mtu asiyestahili. Mama anayechuma chai kutwa nzima, kisha akatafuta kazi ya kufanya usiku ili mtoto asifukuzwe shule, hana tamaa. Ana mshahara mdogo. Tamaa ni ya yule anayekula pesa za mama huyo.

Tuitazame hali yenyewe. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa wakimbizi hali ni ngumu zaidi. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi matatu, na walioonekana kuwa wanaweza kujitegemea wakaondolewa katika msaada wa chakula. Mwaka 2025, kwa upungufu wa fedha, msaada ukakatwa kwa watu wapatao milioni moja. Mwenye njaa akiambiwa kuna kazi, atasikiliza. Matapeli wanalijua hilo kuliko sisi, na ndiyo maana wanakuja kwetu.

Sasa tueleze jinsi mtego unavyotegwa, kwa maana anayeujua mtego si rahisi kunaswa.

Kwanza hupewa kazi ya kitoto: kutazama tangazo, kubonyeza alama ya kupenda, kuandika sifa za hoteli usiyoijua. Jioni unapata shilingi elfu mbili tatu za kweli katika simu. Pesa hizo ni chambo. Baada ya hapo unaambiwa kuna ngazi, na kila ngazi ina kiingilio chake. Tuchukue mfano. Mfanyakazi anaweka shilingi 20,000, naye analipwa 1,500 kwa siku kwa siku kumi. Amepata 15,000, na imani imemwingia. Anakopa, anaweka 100,000. Safari hii pesa hazifiki katika simu, zinaandikwa tu katika kioo: leo 7,500, kesho 15,000, hata zinafika 60,000. Akitaka kuzitoa anaambiwa alipe kwanza kodi ya 30,000. Analipa. Hapo mlango unafungwa. Ametoa 150,000, amepata 15,000, na deni la jirani liko pale pale.

Hila ya pili ni kumfanya mfanyakazi awe wakala. Anaambiwa alete watu watano, na kila mmoja wao alete watano. Ndugu, hesabu hii haihitaji shahada. Mmoja analeta 5, hao wanaleta 25, kisha 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, na katika hatua ya nane wanahitajika watu 390,625. Hao ni wengi kuliko wakazi wote wa mji wa Mbarara. Kwa hiyo lazima mnyororo ukatike, na unapokatika, walio wengi ndio walioingia mwisho. Ubaya zaidi ni kwamba aliyewaingiza ni shemeji yao, jirani yao, au mwenzao wa zamu moja kiwandani. Tapeli ameondoka na pesa, ametuachia ugomvi.

Hila ya tatu haihitaji hata shilingi yako. Unaombwa picha ya kitambulisho chako, au laini ya simu iliyoandikishwa kwa jina lako, au namba yako ya siri, eti ili uandikishwe kazini. Pesa zilizoibwa kwa wengine zinapitishwa katika laini hiyo, na polisi wakifuatilia wanafika kwako. Kwa mkimbizi, ambaye karatasi zake ndizo ulinzi wake, hatari hii ni kubwa mno. Na ajue pia kwamba huduma za Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na za Ofisi ya Waziri Mkuu ni bure. Anayedai malipo ili akupatie kazi au safari kwa jina la ofisi hizo ni mwizi, hata akivaa kitambulisho shingoni.

Mambo haya hayakuanza leo wala hayako kwetu peke yetu. Mwezi Desemba 2019 hapa Uganda kampuni iliyoitwa Dunamiscoins, iliyoahidi faida kubwa kwa pesa za watu, ilifunga milango, na maelfu wakabaki wanalia. Nchini Tanzania, mwezi Februari 2025, polisi waliwakamata watu waliohusika na LBL, ambako wananchi walilipa kiingilio wakiahidiwa kulipwa kila siku kwa kutazama matangazo katika simu. Na liko jambo baya kuliko kupoteza pesa. Vijana wa Uganda, Kenya na Ethiopia wameahidiwa kazi za kompyuta nchini Thailand, wakavushwa hadi Myanmar, wakafungiwa katika majumba na kulazimishwa kutapeli watu wa nchi nyingine kwa simu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa katika majumba hayo. Huenda anayekuandikia ujumbe mtamu usiku ni mtumwa, na mwajiri wake anakutafuta wewe uwe wa pili.

Je, hakuna kazi halali ya nyumbani? Ipo, na ni ya siku nyingi. Fundi anayeshona sare za shule nyumbani kwake Base Camp kwa agizo la duka la Mbarara anafanya kazi ya nyumbani. Anayefasiri barua kutoka Kinyarwanda, Kisomali au Kilingala kuja Kiswahili anafanya kazi ya nyumbani. Anayepanga picha na maandishi kwa ajili ya mashine za kompyuta anafanya kazi ya nyumbani. Mkimbizi naye anaruhusiwa na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 kufanya kazi katika nchi hii. Kwa hiyo hatusemi watu wasitafute. Tunasema watafute kwa macho mawili.

Ziko alama za kazi halali. Mwajiri anajulikana kwa jina na mahali, na kampuni yake inaonekana katika daftari la Uganda Registration Services Bureau. Hata hivyo kuandikishwa peke yake si ushahidi wa uaminifu, maana hata mwizi anaweza kununua cheti. Kazi yenyewe inaeleweka: kitu gani kinatengenezwa, nani anakinunua, kwa nini anakihitaji. Bei ya kila kipande na siku ya malipo vimeandikwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi juu ya masharti ya kazi. Sheria hiyo hiyo inamtaka anayefanya biashara ya kuajirisha watu awe na kibali. Kwa kazi za ng'ambo, Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala. Ofisa wa kazi wa wilaya yuko, na kumwuliza si dhambi.

Lakini ukisahau yote hayo, shika neno moja: kazi haiuzwi. Mfanyakazi huuza nguvu zake, na mwajiri ndiye mnunuzi. Tangu lini muuzaji akamlipa mnunuzi? Iwe wanaiita ada ya kuandikishwa, ya mafunzo, ya vifaa, dhamana au kodi, ukiambiwa ulipe ndipo uajiriwe, hiyo si kazi.

Tusiishie hapo, kwa sababu kazi halali nayo ina mirija yake. Mwezi Machi 2024 Remotasks, iliyokuwa ikiwapa watu wa Kenya kazi za kupanga picha kwa kompyuta zao wenyewe majumbani, ilifunga kazi huko kwa ghafla, na waliokuwa wakiitegemea wakaachwa hivi hivi. Anayefanya kazi peke yake chumbani hana mwenzake wa kushauriana naye, hajui wengine wanalipwa ngapi, na umeme, simu na kiti ni gharama yake mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177, unaosema kwamba mfanyakazi wa nyumbani kwake atendewe sawa na wenzake, pamoja na haki ya kujiunga na chama. Nchi zilizouridhia ni chache mno. Lakini wafanyakazi hawakungoja. Siku ya Mei Mosi 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kuchuja picha na maandishi ya mitandao walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Maonyo yanasaidia, lakini mtu aliye peke yake ataonywa leo na kudanganywa kesho kwa hila mpya. Tunaomba kila tawi la chama lichague watu wawili wa kupokea habari za kazi zinazotiliwa shaka, ili mfanyakazi aulize kabla hajalipa. Tunaomba viongozi wetu wawafungulie mlango wanaofanya kazi majumbani, raia na wakimbizi. Mkimbizi wa Nakivale hatunyang'anyi mkate. Akikubali malipo duni kwa kukosa wa kumtetea, ndipo mshahara wa sisi sote unaposhuka. Na tunaidai serikali iweke kima cha chini kinachomwezesha mtu kuishi, kwa kuwa mshahara wa haki ndio utakaowanyima matapeli wateja.

Kwa waliokwisha kuibiwa tunasema hivi: usifiche. Zihifadhi jumbe na namba zote, peleka habari mapema polisi na kwa kampuni ya simu, kisha uje tawini uwaeleze wenzako. Ukinyamaza kwa aibu, tapeli anapata nafasi ya kugonga mlango wa jirani. Aibu ni ya mwizi, si yako.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.