Programu Haitatupangia Nyimbo Zetu

Kuna jibu moja nimelisikia mara nyingi hadi limenichosha. Mwambie mtu una diski yenye maelfu ya nyimbo za zamani zilizovurugika, uone atakavyokujibu haraka: "Kwani shida nini? Shusha programu, itakupangia yenyewe." Na wanaosema hivi si watu wa mtaani tu. Ni wasomaji wenzangu, watu wanaoweza kubishana usiku kucha kuhusu nukta moja katika shairi, lakini ikifika kwenye wimbo wa dansi au taarabu wanaona ni sawa mashine iamue nani kautunga.

Mimi nasema si sawa. Kuandika lebo za wimbo ni kazi ya uhariri, na tumeiachia mashine isiyotujua.

Vurugu yenyewe tunaifahamu sote. Nyimbo zilitoka kwenye santuri zikaingia kwenye kanda, kanda ikarekodiwa tena kutoka redioni, mtu akazihamishia kwenye kompyuta, kisha zikauzwa kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi. Kila mkono uliopita uliacha alama yake. Leo unafungua folda unakuta "Track 07", "zilipendwa mpya 2", na mahali pa jina la msanii pameandikwa anwani ya tovuti iliyouweka wimbo huo, kana kwamba tovuti ndiyo iliyoshika gitaa.

Sasa tuangalie hizo lebo zilivyoanza. Mfumo wa kwanza wa kuandika taarifa ndani ya faili la MP3, ID3, ulikuja mwaka 1996. Ulikuwa na baiti 128 tu mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, mwaka, maoni mafupi, na namba moja ya aina ya muziki. Mahali pa mtunzi hapakuwepo. Hebu jaribu kuandika "Mbaraka Mwinshehe Mwaruka na Morogoro Jazz" kwa herufi 30. Utapata "Mbaraka Mwinshehe Mwaruka na M". Bendi nzima ya Morogoro imebaki herufi moja!

Ile namba ya aina ya muziki ndiyo kichekesho zaidi. Orodha ya mwanzo ilikuwa na aina 80. Polka imo. Muziki wa maonyesho ya jukwaani umo. Taarabu haimo, dansi haimo, rumba haimo. Sisi tuliachiwa "Ethnic" na "Tribal". Miaka tisa kabla ya hapo, mwaka 1987, watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja London wakakubaliana kutumia neno "World Music", ili wenye maduka wajue rafu ya kuweka muziki wa kina sisi. Rafu ya duka la London ikaja kuwa lebo ndani ya simu ya mtu wa Temeke. Na bado tunaambiwa programu haina upande.

Najua watu wa kompyuta watanijia juu: mambo hayo yamepitwa na wakati. Ni kweli, toleo la pili la ID3 lilikuja mwaka 1998 likafungua milango. Lina sehemu ya mtunzi wa muziki, ya mwandishi wa maneno, ya mwimbaji, ya bendi, hata ya lugha. Vizuri sana. Lakini fungua faili lolote la taarabu ulilotumiwa kwa WhatsApp uone kama sehemu ya mwandishi wa maneno imejazwa. Mlango umefunguliwa na hakuna aliyeingia, kwa sababu sote tunasubiri programu ituingilie.

Na programu haiwezi. Chukua Picard, ambayo mimi naitumia na naipenda. Inasikiliza faili, inatengeneza kitu kama alama ya kidole cha sauti, kisha inakwenda kuulizia kwenye hazina ya AcoustID, iliyounganishwa na hazina ya taarifa iitwayo MusicBrainz: nani ana alama kama hii? Ikiwa kuna mtu aliwahi kuuingiza wimbo huo, unapata jibu safi kabisa. Ikiwa hakuna, haina la kukwambia. Ukitafuta kwa majina badala ya sauti, itakuletea kilichofanana, hata kama si chenyewe. Kwa albamu iliyotoka Uingereza mwaka jana ni raha tupu. Kwa wimbo uliorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam ukapigwa hewani bila kuwahi kuwa na albamu, programu inakutafutia albamu ambayo haikuwahi kuwepo.

Kisha kuna neno "jazz". NUTA Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz. Kwa wazee wetu jazz lilikuwa neno la bendi yenye magitaa na wapulizaji. Halikuwa na maana ya muziki wa New Orleans. Mtu anayezipanga nyimbo kwa kufuata majina atawaweka Morogoro Jazz rafu moja na Miles Davis, na kesho kijana wa miaka ishirini atashangaa mbona jazz hii haifanani na jazz.

Lakini tusiwalaumu wageni peke yao. Lebo mbovu kuliko zote tumeibuni wenyewe: "zilipendwa". Ni neno tamu, lina harufu ya Jumapili mchana. Kama lebo, ni gunia. Linabeba wimbo wa miaka ya sitini na wa mwaka 1989, Wacongo wa Maquis na vijana wa Tabora, wote pamoja. Na hali wenye muziki walikuwa na uainishaji wao makini! Kila bendi ilikuwa na mtindo, na mtindo ulikuwa na jina. Western Jazz walikuwa na Saboso. NUTA walikuwa na Msondo. Mlimani Park walikuja na Sikinde, na Mbaraka alipokuwa na Super Volcano akapiga Masika. Shabiki alijua tofauti kwa sekunde chache. Tumeyatupa majina hayo, tukachukua gunia.

Kinachoniuma zaidi ni mtunzi. Mfikirie Muhidin Gurumo. Aliimba NUTA, akawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park mwaka 1978, akapita OSS, akarudi Msondo. Hiyo bendi ya kwanza nayo imebadilika majina kwa kufuata chama cha wafanyakazi kilichoimiliki: NUTA, JUWATA, OTTU, hadi Msondo Ngoma. Ukiandika jina la bendi tu, sauti ya mtu mmoja inatawanyika vipande vipande. Ukiandika jina lake tu, unawafuta waliopiga magitaa na tarumbeta. Na ukiacha sehemu ya mtunzi wazi, umesema wimbo ulijitunga wenyewe.

Shaaban Robert aliona umuhimu wa jambo hili. Mwandishi mkubwa kama yeye aliketi akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Alielewa kwamba mwimbaji ni habari ya fasihi. Sisi warithi wake tunaona uvivu kujaza kisanduku kimoja.

Kuna wanaosema muziki ni wa kusikiliza, orodha waachiwe wakutubi. Basi na vitabu tuvichane majalada, tusome tu. Wengine wanasema siku hizi ni majukwaa ya mtandaoni, nani anahifadhi mafaili? Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi, kwa sababu majukwaa hayo hugawa fedha kwa kufuata taarifa zilizoandikwa. Jina la mtunzi lisipokuwepo, au likiandikwa kwa tahajia nne tofauti, malipo yake hayana njia ya kumfikia yeye wala wajane na watoto wake. Kisanduku kitupu kinaweza kuwa ada ya shule ya mjukuu wa mtu.

Basi nini kifanyike? Programu zitumike, ila kama jembe. Mkulima ni wewe. Mimi hufanya hivi: naandika bendi kwa jina lililokuwa nalo wakati wa kurekodi, naweka mwimbaji na mtunzi kila mmoja mahali pake, na kwenye aina naandika mtindo. Kwenye maoni naandika wimbo nimeupata wapi na nani kaniambia habari zake. Nisichokijua nakiacha wazi, kwa sababu pengo la kweli ni bora kuliko jina la kubahatisha ambalo watu elfu watalinakili. Jina la zamani la faili silifuti, nalihifadhi. Wakati mwingine uchafu huo ndio ushahidi pekee wa njia uliyopita wimbo.

Ukishamaliza, usikae nayo. Ipeleke MusicBrainz, ambako taarifa za msingi ni mali ya umma. Chagua vizuri pa kupeleka, kwani mashabiki wa CDDB walijaza taarifa za CD bure kwa miaka, kisha hazina ikageuzwa biashara, na mwaka 2008 kampuni iliyoimiliki, Gracenote, ikanunuliwa na Sony.

Na haraka ipo. Mpiga besi wa miaka ya sabini anayekumbuka nani alitunga wimbo gani bado yuko Ilala au Tanga, ana simu, na wajukuu wake wanajua namba yake. Programu haina namba hiyo. Mpigie wewe.