Hiari ya Mlaji Iko Wapi?

Mwandishi mmoja anadai hofu ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, ni kelele za bure: asiyetaka asinunue, soko litaamua. Haya, twende naye kwenye kinu cha kusaga mtaani. Mama kaja na debe la mahindi ambayo dalali kayachanganya kutoka magunia matatu. Lebo iko upande gani wa punje? Kanuni za Kenya za 2012 zinataka lebo, naam, lakini kinu hakisagi lebo. Na githeri ya kibandani je?

Eti makampuni hayamwingilii mtu. California, 2012, wapiga kura waliulizwa jambo dogo tu: chakula cha GMO kiandikwe hivyo? Wapinzani wakamwaga zaidi ya dola milioni 40, kampuni ya mbegu ya Monsanto peke yake takriban milioni 8, na pendekezo likaanguka. Anayejivunia bidhaa yake halipi mamilioni ili isitajwe!

Ukame wa 2022 ulikuwa mkali, sibishi. Ila marufuku ya Kenya dhidi ya GMO, ya takriban miaka 10, iliondolewa kwa sababu hiyo na Baraza la Mawaziri. Mlaji alisikia redioni. Kabla hajatuhubiria tena hiari, bwana huyu aende kibandani aagize sahani isiyo na GMO, kisha atuletee jibu alilopewa.