Mhariri Aliyengoja
Kila nimkumbukapo Diana Athill, aliyeitumikia nyumba ya uchapishaji ya André Deutsch mjini London tangu kuasisiwa kwake hata alipostaafu mwaka 1993, umri wake miaka 75, fikira zangu hutua pale Jean Rhys, mwandishi kizee aliyeuleta mjini muswada wa riwaya yake Wide Sargasso Sea ukiwa umebakiza sehemu ndogo tu, alipopatwa ghafla na maradhi ya moyo, naye Athill akamwahidi kwamba kitabu hakitachapwa ila kwa idhini yake. Ahadi hiyo naistahi kuliko sifa zote alizopewa, kwani mhariri mwenye pupa angelikimalizia mwenyewe. Yeye alingoja takriban miaka miwili, hata 1966 kikatoka kamili, kwa kalamu ya Rhys mwenyewe.