Bustani za Mboga Ifakara Zilindwe, Zising'olewe

Masika yanapokwisha na maji ya mafuriko yanaporudi mitoni, bustani za mboga huchipuka kandokando ya mji wa Ifakara. Kwa mwananchi asiye na shamba kubwa la mpunga, matuta machache ya mchicha, bamia na nyanya ndiyo yanayompatia fedha ya chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Mchicha huvunwa wiki tatu au nne tu baada ya kupandwa, nayo mazao yanayolipa upesi kiasi hicho ni machache.

Lakini mchicha hauvumilii kiu. Jua la kiangazi likiwaka, mkulima hana budi kumwagilia kila siku, naye huchota maji yaliyo karibu naye, yawe ya mto, ya mfereji au ya shimo alilolichimba mwenyewe. Hapo ndipo penye mashaka. Ifakara imejengwa juu ya tambarare ambako maji ya ardhini hayako mbali na uso wa nchi. Wakati wa mvua nyingi choo cha shimo hujaa maji, na yaliyomo hutoka na kuenea. Mtu mmoja akijisaidia vichakani, mwingine akitupa taka mferejini, wote hao huwa wameingiza mkono katika kikapu cha mboga cha jirani yao.

Hatari hiyo si ya kubuni. Kipindupindu kilipozuka Ifakara mwaka 1997, watafiti waliowachunguza wagonjwa walivikuta vimelea vya ugonjwa huo katika chanzo kikuu cha maji cha mji. Aidha walibaini kwamba waliooga mtoni na waliokaa mbali na maji walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua. Licha ya kipindupindu, maji ya namna hiyo hubeba homa ya matumbo, kuhara damu na mayai ya minyoo. Mayai hayo huweza kuishi udongoni kwa miezi mingi.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya tatizo hili ni kuzing'oa bustani na kuwatoza wakulima faini. Fikira hiyo haifai. Kwanza, mkulima wa mboga siye aliyeyachafua maji. Yeye huyapokea yakiwa yamekwisha kuchafuliwa na mji mzima, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuugua, kwani hushinda na miguu mitupu ndani yake. Pili, anayefukuzwa mchana hurudi kumwagilia usiku, na aliyekatazwa mfereji huu huhamia mfereji mwingine usioonekana na mtu. Tatu, mji ukikosa mboga, watoto wake watakosa chakula cha kuongeza damu na cha kulinda macho. Kuukimbia ugonjwa kwa kuikaribisha njaa si ushindi.

Ulimwengu nao umejifunza jambo hili polepole. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo kikali cha usafi wa maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi, kipimo ambacho miji mingi maskini haikuweza kukifikia. Mwaka 2006 Shirika hilo lilitoa mwongozo mpya unaotambua kwamba, pale ambapo maji hayawezi kusafishwa yote, uhai wa watu unaweza kulindwa kwa vizuizi vingi vidogo vinavyopangwa kutoka shambani hadi jikoni. Kizuizi kimoja hakitoshi, bali vikiungana hufanya kazi kubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kizuizi cha kwanza ni shimoni. Maji yakiachwa yatulie siku moja hadi tatu, mayai mengi ya minyoo huzama chini pamoja na tope. Mkulima achote juu juu bila kulitibua tope hilo. Hata hivyo, katika bonde linalosumbuliwa na malaria, shimo la maji yaliyotulia laweza kuwa kitalu cha mbu, ambao huhitaji wiki moja au mbili tu kutoka yai hadi kuruka. Kwa hiyo afadhali kuwa na mashimo mawili madogo yanayotumika kwa zamu, kila moja likimalizwa na kukaushwa kabla ya wiki kutimia, kuliko dimbwi moja kubwa lisilokauka.

Kizuizi cha pili ni namna ya kumwagilia. Maji yanayorushwa kutoka juu hulowesha majani na kuyarushia udongo. Maji yanayopelekwa chini, kwenye shina au katika vijifereji baina ya matuta, huliacha jani likiwa safi zaidi. Mkulima avae viatu vya mpira, na anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Kizuizi cha tatu ni jua, ambalo halinunuliwi. Mboga ikiachwa siku mbili au zaidi bila kumwagiliwa kabla ya kuvunwa, joto na ukavu huua sehemu kubwa ya vijidudu vilivyo juu ya majani. Ni kweli kwamba mchicha hunyauka kidogo na uzito wake hupungua. Ndiyo maana mnunuzi naye hana budi kuelimishwa, ili asimkimbie muuzaji mwaminifu na kuliendea fungu linalong'aa kwa maji ya mferejini.

Kutoka hapo kazi ni ya sokoni na jikoni. Mboga iliyolindwa shambani huweza kuharibiwa na ndoo moja ya maji machafu ya kunyunyizia sokoni. Mchicha uliopikwa vema huwa salama. Tahadhari kubwa iwe kwa kachumbari na vyote viliwavyo vibichi, ambavyo vioshwe kwa maji safi yanayotiririka.

Ieleweke, hata hivyo, kwamba vizuizi hivi ni vya vijidudu. Madini yenye sumu hayaondoki kwa kuchemsha wala kwa jua. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako mboga zimelimwa kwa miaka mingi katika maji yanayopokea taka za viwanda, ni onyo tosha. Ifakara isingoje kufika huko: oili chafu ya gereji na betri kuukuu zizuiwe leo zisiingie mtoni.

Basi wajibu usiachiwe mkulima peke yake. Halmashauri ya Mji ihakikishe soko lina bomba la maji safi, vyoo vinajengwa juu ya kina cha mafuriko, na magari ya kunyonya majitaka yana mahali halali pa kumwaga. Mjini Moshi, maji yanayotoka katika mabwawa ya kutibu majitaka hutumika kumwagilia mpunga; ni ushahidi kwamba maji machafu yakisimamiwa huwa mali. Bwana shamba na bwana afya watembelee bustani pamoja, si mmoja akihimiza na mwingine akikataza.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi wapatao milioni 2 kwenye redio, nao wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Ifakara, yenye watafiti wa afya tangu miaka ya 1950, haikosi elimu. Inachokosa ni elimu hiyo kufika kwenye tuta la mchicha kabla ya kipindupindu kingine.