Kuhesabu Vichwa Siyo Tathmini: Mfano wa Rosettenville



Nina hoja kwa wenzetu wanaoishi kwa kazi ya ufuatiliaji na tathmini, na kwa wale wanaosoma ripoti zao kisha wanaamua fedha ziende wapi. Nitatumia mfano wa Rosettenville, mtaa wa kusini mwa Johannesburg uliojulikana zamani kwa Wareno, na ambao leo una Wamsumbiji, Waangola, Wakongo, Wamalawi, Wanaijeria na sisi wengine. Februari 2017 baadhi ya wakazi walichoma moto nyumba walizodai ni za madawa ya kulevya na ukahaba, na wageni ndio walionyooshewa kidole. Mahali kama hapo mashirika huja na miradi: semina za mshikamano, msaada wa sheria, huduma za afya. Mradi ukiisha, anaitwa mtathmini.

Anachokikuta mezani mara nyingi ni daftari la mahudhurio. Watu walikuja, fulana zikagawiwa, nauli ikalipwa, na tangu semina ile hakuna nyumba iliyochomwa. Basi mradi umefaulu! Jamani, hivi kweli? Kama Turffontein, jirani yao, nako hakukuchomwa kitu bila semina yoyote, sifa tumpe nani?

Hili siyo swali la kitabuni. Mwaka 2004 Mradi wa Vijiji vya Milenia wa Profesa Jeffrey Sachs ulianzia Sauri, magharibi mwa Kenya. Wenye mradi walionyesha mambo mengi yaliyopanda, hata umiliki wa simu za mkononi. Wachumi wawili, Michael Clemens na Gabriel Demombynes, wakafanya jambo rahisi kabisa: walichukua takwimu za kitaifa wakatazama maeneo ambayo mradi haukugusa. Huko nako simu zilikuwa zimepanda! Mwaka 2012 mradi huo ulilazimika kuondoa dai lake, lililokwisha chapwa katika jarida la Lancet, kwamba vifo vya watoto vilipungua kwa kasi mara tatu ya vijijini kwingine. Wasomi wakubwa, fedha nyingi, lakini kundi la kulinganisha halikuandaliwa vizuri tangu mwanzo.

Kwetu Tanzania tunao mfano wa kujivunia. Jaribio la KiuFunza la 2013 na 2014 lilihusu shule 350 katika wilaya 10. Shule nyingine zilipata ruzuku, nyingine walimu waliahidiwa bonasi, nyingine zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Matokeo yake ni kwamba ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto, ila ruzuku ikiungana na bonasi ilizipandisha. Bila zile shule zisizopata kitu tungekuwa mpaka leo tunabishana kwa hisia tu.

Sasa mwenzangu uliyepewa kazi Rosettenville utasema huna shule 350. Sawa. Lakini mtaa wa kulinganisha unaweza kuuchagua kabla mradi haujaanza, na kuuliza maswali yale yale huku na kule. Hilo ni suala la kulidai kwenye hadidu za rejea. Ukiitwa wiki mbili kabla ya mradi kufungwa, andika wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba huwezi kusema mradi ulileta mabadiliko gani. Watakununia, wakununie tu.

Halafu kuna mambo ya uwanjani. Nyumba moja yenye geti moja inaweza kuwa na familia nne, na vyumba vingine viko uani. Ukihesabu geti kuwa kaya umeharibu sampuli yako mapema. Uliza nani wanakula chungu kimoja. Lugha nayo ina mitego yake. Usidhani Kiswahili cha Dar kinatosha kwa mtu wa Lubumbashi au Bukavu. Ukimuuliza kama anaishi na bibi yake atakujibu ndiyo, akimaanisha mkewe, na wewe utaandika nyanya! Dodoso lisomwe kwanza na Wakongo wenyewe.

Kubwa kuliko yote ni woga. Mtu asiye na karatasi hawezi kusaini daftari lako kwa jina la kweli, na akilisaini usijivunie. Tumia namba badala ya majina, na orodha inayounganisha namba na watu ikae mbali na majibu. Sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, ilianza kufanya kazi Julai 2020, na inakubana hata wewe mshauri wa muda. Na kwa kuwa wapangaji wanahama kila mara, omba namba ya simu ya ndugu aliyeko nyumbani, kwa ridhaa.

Nyenzo zipo na nyingi ni za bure. Tovuti ya BetterEvaluation inaeleza mbinu moja moja. Pale Chuo Kikuu cha Wits, hapa hapa Johannesburg, kuna kituo cha CLEAR. Chama cha Afrika Kusini, SAMEA, kipo tangu 2005, na cha bara zima, AfrEA, tangu 1999. Ila ushauri wangu ni kwamba ripoti unayoihitaji uipakue leo. Tovuti ya USAID ilizimwa Februari 2025, na waliokuwa wakitegemea maktaba yake wakabaki wanatafutana.

Vigezo vya OECD navyo, vilivyorekebishwa 2019, vitumieni kwa akili. Kimoja ni uendelevu. Rosettenville ilikuwa na shule ya St Peter's, iliyofungwa 1956 kwa kukataa sheria ya elimu ya kibaguzi. Kwa kigezo hicho ni sifuri. Lakini Oliver Tambo alisoma na kufundisha pale, Hugh Masekela alipata tarumbeta yake pale kwa msaada wa Padri Trevor Huddleston, na Huddleston huyo huyo akaja kuwa askofu wetu Masasi mwaka 1960. Safu gani ya jedwali ingebeba hayo?

Mwisho, kwenye bajeti wekeni siku moja ya kurudi mtaani kuwasomea waliohojiwa majibu yao, kwa lugha zao, kabla ripoti haijapelekwa kwa mfadhili. Mfadhili akikataa kulipia siku hiyo, muulizeni sababu kwa maandishi.