Kona ya Mwalimu: Ufunguo wa nne wa sanduku

Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya mitihani ya watoto, lakini mitihani itangoja. Kuna habari ya akiba ambayo ni lazima niieleze mwenyewe, kwa sababu kosa lilikuwa langu, na sokoni hapa Baraka imekwisha kuelezwa vibaya.

Vikundi vyetu vinafuata utaratibu wa AVEC, ule ambao shirika la CARE lilianza nao Niger mwaka 1991 pamoja na wamama wa vijijini. Mnaujua: sanduku moja, kufuli 3, funguo kwa wamama 3 tofauti, hisa kuanzia 1 hadi 5 kila mkutano, mihuri katika kitabu kidogo cha kila mama, na mwisho wa mzunguko tunagawana. Mambo yote yanafanyika mbele ya macho ya wote. Hata mama asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake kwa kidole.

Halafu tukaleta kompyuta.

Tangu hapo majina yetu yanakaa mahali pawili. Kwanza, kila kikundi kina faili la Excel ambamo mama sekretere anaandika hisa baada ya mkutano. Pili, ofisi ya ushirika ina hifadhidata, yaani ghala la majedwali: jina la mama, namba yake, kikundi, kijiji, mwaka alioingia. Komite iliniomba nitoe ripoti moja inayounganisha hayo mawili, ili tuone akiba ya kila mama pamoja na kijiji chake. Kule ISP hatukufundishwa kazi hii, nilijifunza kwa kujaribu, usiku, betri ya sola ikiruhusu. Nilitumia Power BI Desktop, programu ya Microsoft ambayo haiuzwi, inasoma faili la Excel na jedwali la hifadhidata kwa pamoja.

Programu kabla ya kuunganisha inauliza swali moja: mstari wa huku na mstari wa kule, nitajuaje kwamba ni mtu mmoja? Safu unayoichagua kwa kujibu swali hilo inaitwa ufunguo. Mimi nikachagua jina. Basi, kosa ni hapo.

Kikundi kilikuwa na wamama 24. Faili la Excel lilisema hisa 720, na kwa kuwa hisa moja ni franka 2,000, jumla ni 1,440,000. Ripoti yangu ikatoa mistari 24, jumla 1,442,000. Tofauti ni hisa moja tu! Mjumbe mmoja wa komite akasema, «Mwalimu, hiyo ni kalamu imeteleza, sahihisha tuendelee.» Nakiri kwamba nilikuwa karibu kukubali. Wamama 24, mistari 24, nani angekuwa na shaka?

Siku ya kusoma majina mbele ya kikundi, nikasoma Riziki, nikasoma Riziki tena, na tena, na mara ya nne watu wakaanza kucheka. Mama mmoja wa nyuma hakucheka. Akasimama, akasema, «Mwalimu, mimi sijasikia langu. Mashine yako imenimeza?» Na jirani yake akasema, «Hata mimi.»

Ilikuwa hivi. Mama wa kwanza, katika Excel ameandikwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani, kama tunavyomwita sote. Katika hifadhidata ameandikwa kama ilivyo kwenye kadi yake ya uchaguzi. Kwa kompyuta hao ni watu 2 wasiojuana. Wa pili, jina lake lilikuwa sawa kwa herufi zote, ila mwisho wake palibaki nafasi tupu, kidole kiligusa kibonye mara moja zaidi. Jicho halioni nafasi tupu, lakini programu inaihesabu. Na mimi nilikuwa nimechagua kuunganisha kwa namna ya kubakiza wale tu wanaopatikana pande zote mbili, kwa sababu ripoti ilionekana safi. Wale wawili wakatoka bila kelele. Mmoja alikuwa na hisa 20, mwingine 21: franka 82,000.

Na Riziki? Kikundi kina wamama 2 wenye jina hilo, la kwanza na la pili pia. Mmoja ana 36,000, mwingine 48,000. Kila mstari wa Excel ulipotafuta Riziki katika jedwali uliwakuta 2, ukashikana na wote, mistari 2 ikawa 4. Akiba yao ya 84,000 ikahesabiwa mara mbili. Sasa fanyeni hesabu: ondoa 82,000, ongeza 84,000. Wamama 2 wametoka, mistari 2 imezidi. Ndiyo maana idadi ilibaki 24 na pesa ikazidi 2,000 tu. Makosa mawili yalikuwa yamefichana. Kama tungegawana kwa karatasi ile, akina Riziki wangechukua mara mbili na wenzao wangerudi nyumbani mikono mitupu, baada ya mzunguko mzima wa kuuza mihogo na dagaa.

Tulirekebisha siku ileile, sanduku likiwa bado limefungwa. Kila mama amepewa namba, na namba hiyo imeandikwa katika kitabu chake, katika Excel na katika hifadhidata. Inaanza na herufi ya kikundi, kwa mfano B007, maana ukiandika 007 peke yake Excel inaifanya 7, na hapo ufunguo unapotea tena. Katika kuunganisha, sasa nachagua namna ya kubakiza mistari yote ya Excel hata isiyopata mwenzake. Asiyepatikana anabaki kwenye ripoti na kijiji chake kikiwa kitupu, naona pengo, nauliza. Na kabla ya yote nasafisha nafasi tupu, halafu nalinganisha jumla na mihuri ya vitabu. Ikizidi hata hisa moja, hatufungui.

Vijiji pia vina matatizo yao. Mmoja anaandika Kazimia, mwingine Kazimiya, ripoti inaonyesha vijiji 2. Wauguzi wetu wanalijua jambo hili: takwimu za vituo vya afya hapa Kongo zinaingizwa kila mwezi katika DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na humo kila kituo kina alama yake ya kudumu, hata kama watu wanakiita majina matatu. Wao walitutangulia kuelewa.

Mama sekretere wa vikundi, nawaomba jambo moja tena: msiniletee faili 3 kwenye ufunguo mmoja wa USB, «liste», «liste mpya» na «liste mpya ya kweli». Ripoti inasoma lile nililoielekeza, hata kama ni la mwezi wa nane. Faili moja, jina moja, kila mara.

Mama aliyesema mashine imemmeza alipata mgao wake wote. Bado ananisalimia, «Mwalimu, leo nimo?» Namjibu kwa namba yake.

Vikundi ambavyo havijapata namba, mje Jumamosi baada ya soko, na kila mama alete kitabu chake na kadi yake ya uchaguzi. Msiwatume watoto.