Panya wa Maabara na Mchungaji wa Tharaka



Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hii ya wazee wetu yafaa kutangulia kila mazungumzo juu ya matumizi ya wanyama katika utafiti wa tiba, kwa kuwa mwenye kutoa hukumu ni mwanadamu, na mwenye kuchomwa ni kiumbe asiye na ulimi wa kujitetea. Wako wasemao kwamba kumtia mnyama maumivu kwa ajili ya elimu ni dhulma isiyo na udhuru. Wako wasemao kwamba uhai wa mtu mmoja wapita uhai wa panya elfu, na maneno yamekwisha. Sisi twaona kila upande umeshika ncha moja tu ya kamba. Juma hili twawaomba tulitazame suala hili kupitia msiba ulioko nchini mwetu wenyewe, nao ni kuumwa na nyoka.

Watu wa pwani wakitaja Meru na Embu huwaza baridi ya Mlima Kenya, majani ya chai na magari ya miraa yashukayo mbio. Lakini nchi ile ina sura mbili. Ukiiacha milima na kuteremka mashariki kuelekea Mto Tana, wafika Mbeere, katika Embu, na Tharaka, iliyokuwa sehemu ya Meru ya zamani. Huko ni joto, mawe na vichaka. Watu hulima mtama na pojo, hufuga mbuzi na kutundika mizinga. Ndiko aliko moma, ambaye wengine humwita bafe, alalaye njiani bila kutikisika mpaka akanyagwe; na ndiko aliko swila atemaye sumu machoni. Wenzetu wa Kilifi na Malindi hawahitaji maelezo, kwani nyoka hao ni jirani zao pia.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na mwaka 2017 liliutia msiba huu katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa. Wengi wa wafao ni wakulima, wachungaji na watoto wa vijijini, watu ambao sauti zao hazifiki mbali.

Dawa ipo, na imekuwapo tangu miaka ya 1890. Nayo hutoka kwa mnyama. Nyoka hukamuliwa sumu, kisha farasi hudungwa kiasi kidogo cha sumu hiyo, kikiongezwa polepole, mpaka mwili wake ujitengenezee kinga. Hapo hutolewa sehemu ya damu yake, na kinga ile ikasafishwa na kutiwa chupani. Kabla ya chupa kuaminiwa, hupimwa kwa panya wadogo wa maabara: sumu huchanganywa na dawa, panya wakadungwa, kisha huhesabiwa waliopona na waliokufa. Kipimo hiki ni kizito, hatutaki kukipamba. Panya wale huumia.

Sasa tutazame faida yake. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyotegemewa sana Afrika, na akiba ya mwisho ikapitwa na muda mwaka 2016. Soko likabaki na dawa nyingine, baadhi zikiwa dhaifu. Mwaka 2017 wataalamu wa Liverpool, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, Nairobi, walichapisha matokeo ya kupima dawa zilizokuwa zikitumika Kenya dhidi ya sumu za nyoka wa Afrika Mashariki. Walikuta tofauti kubwa baina yao. Baadhi hazikufua dafu mbele ya sumu ambazo zilitarajiwa kuzishinda. Aliyeufichua udhaifu huo ni panya. Lau asingepimwa yeye, angepimwa nani? Angepimwa mtoto wa Tharaka, kitandani, mzazi wake akiwa amekwisha kuuza mbuzi kununua chupa.

Je, basi kila jaribio ni halali? Hasha. Mtume wetu (S.A.W.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Alikataza mnyama kufanywa shabaha ya mchezo. Wanazuoni wakatuwekea mizani: dharura hufungua mlango uliofungwa, lakini kwa kadiri ya dharura yenyewe, wala si zaidi. Al-Hafiz Basheer Ahmad Masri, aliyekuwa mwalimu Afrika Mashariki kabla ya kuwa imamu wa msikiti wa Woking, Uingereza, aliandika kitabu kizima juu ya wanyama katika Uislamu, akitenga haja ya kweli na anasa. Kumtesa sungura kwa ajili ya rangi ya midomo hakulingani na kumwokoa aliyeumwa na nyoka.

Kwa mizani hiyo, twaona mambo matatu yatupasa. Kwanza, asitumiwe mnyama pale penye njia nyingine, wapunguzwe wanaotumiwa, na wapunguziwe maumivu. Wataalamu Russell na Burch waliyaandika haya mwaka 1959, na sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yadai kibali kwa kila afanyaye majaribio. Pili, matokeo yatumiwe. Ikiwa panya wamekufa kutuonyesha kwamba dawa fulani ni dhaifu, kisha dawa hiyo ikaendelea kununuliwa na kupelekwa zahanati za Mbeere, basi wanyama wale wameuawa bure, na mgonjwa naye amedhulumiwa. Hiyo ni dhulma mbili kwa pamoja, na wenye kununua dawa za umma wataulizwa.

Tatu, nasi majumbani tuipunguze haja yenyewe. Tuvae viatu shambani, tutembee na taa usiku, tufyeke vichaka karibu na nyumba. Akiumwa mtu, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe jeraha; kiungo kitulizwe kisitikisike, na apelekwe hospitali upesi. Kila aepukaye kuumwa ni chupa moja isiyohitajika.

Mwenyezi Mungu ametupa amri juu ya wanyama, na amri ni amana. Farasi na panya hawakuulizwa ridhaa yao. Basi angalau wasitolewe kwa upuuzi wetu. Wallahu a'lam.